Uamuzi Hufanywa Bondeni

Hotuba kwa madereva wapya wa malori na familia zao, Aurora, Colorado, kabla ya majira ya theluji

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, ndugu zangu wa Kongo, Burundi, Kenya na nyumbani Tanzania, habari za jioni. Na ninyi wadogo zangu mliokuja na leseni mpya mfukoni, karibuni sana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangu niingie humu mmeniuliza maswali ambayo sisi wenyeji wa barabara hizi tuliacha kuulizana zamani, na kuacha kuulizana kumetugharimu.

Nimeombwa niseme habari za kuendesha lori kwenye milima yenye theluji. Naanza na jambo mnalolijua kuliko vijana waliozaliwa hapa. Humu ndani yumo aliyeshusha Kitonga na mzigo wa shaba akielekea Dar. Yumo aliyepanda kutoka Bujumbura mpaka Bugarama na lori linalopumua kwa shida. Wapo waliopita Ngomo, kati ya Kamanyola na Bukavu, na wapo waliosimama Salgaa, njia ya Nakuru kwenda Eldoret, wakaona kwa macho yao mabaki ya malori ya watu waliotoa gia kwenye mteremko ili waokoe mafuta. Kwa hiyo mlima si mgeni kwenu. Mgeni ni theluji, na huyu mgeni anabadilisha maana ya kila kitu mnachokijua: breki, gia, kona, hata saa.

Kule kwetu ukikosea mlimani, mara nyingi unapata nafasi ya kurekebisha. Lami ni kavu, tairi linashika, unakanyaga, unashusha gia, unajitetea. Kwenye barafu nafasi hiyo hakuna. Ukifika juu ukagundua kwamba hukupaswa kuwa juu, umeshachelewa. Uamuzi wote hufanywa bondeni: bondeni unaamua kama unapanda, bondeni unafunga cheni, ile minyororo ya chuma inayovishwa matairi ili yashike theluji, na bondeni unabishana na ofisi. Hilo ndilo lililonileta hapa leo, na yote nitakayosema yanazunguka hapo.

Twendeni barabarani. Kutoka hapa tulipo, ukishika barabara kuu ya 70 kuelekea magharibi, hali ya hewa ikiwa njema, ndani ya saa moja na kidogo uko kwenye handaki la Eisenhower. Denver iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Lango la magharibi la handaki liko mita 3,401. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wajue kwamba wamepita kituo cha Mandara na wanakaribia Horombo, wakiwa wamekaa kwenye kiti na tani 36 chini yao. Mwili unalihisi hilo. Kichwa kinauma, usingizi unakuja vibaya, fikra zinakuwa nzito kidogo. Kunyweni maji kabla hamjapanda.

Handaki lenyewe lina urefu wa kilomita 2.7 hivi. Njia ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1973, ya pili 1979. Kabla ya hapo kila gari lilipanda juu kabisa, Loveland Pass, mita 3,655, na mpaka leo wapo wanaopanda: malori ya petroli, gesi na kemikali za hatari hayaruhusiwi handakini kama magari mengine, yanazungukia juu. Kwa hiyo wewe unayefikiria kwenda kwenye matenki kwa sababu malipo yake ni mazuri, fahamu kwamba malipo hayo yanaambatana na barabara nyembamba yenye kona za kujikunja, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hakuna kitu. Usiende huko katika msimu wako wa kwanza. Nasema hivi nikijua wapo watakaokasirika.

Sasa theluji yenyewe. Sisi tulipofika huku tuliiona theluji kama kitu kimoja, cheupe, baridi. Si kimoja. Theluji mpya, kavu, ya baridi kali, inalia chini ya tairi kama unga wa muhogo unavyolia ukiuminya, na inashika kuliko mnavyodhani. Theluji iliyokanyagwa na magari 500 kabla yako imekuwa sahani. Na ile inayoua ni barafu isiyoonekana, ngozi nyembamba juu ya lami, nyeusi kwa sababu unachokiona ni lami iliyo chini yake. Inapenda joto la kuzunguka nyuzi sifuri, maana hapo juu ya barafu panakuwa na utando wa maji, na maji juu ya barafu ni sabuni. Dereva mgeni anaogopa siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri, halafu anastarehe siku ya sifuri. Ni kinyume.

Mtaijuaje? Tazama matairi ya gari lililo mbele yako. Barabara inaonekana imelowa, na matairi yake yanarusha maji. Mara rasharasha ile inakoma, na barabara bado inang'aa vilevile. Maji yameganda. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, usiguse breki, usikate usukani, na usiwe umeliachia lori lijishikie mwendo lenyewe. Tazama pia kingo za vioo vyako vya pembeni. Barafu ikianza kujijenga pale, inajijenga na barabarani. Madaraja hutangulia kuganda, kwa sababu upepo wa baridi unayapiga juu na chini. Na umbali wa kusimama kwenye barafu unaweza kufika mara 10 ya ule wa lami kavu. Basi acheni nafasi. Gari dogo likiingia kwenye nafasi yako, liache liingie, uongeze nyingine.

Naja kwenye cheni, na hapa nitakaa.

Sheria ya Colorado ni kwamba kuanzia tarehe 1 Septemba mpaka 31 Mei, lori la biashara linalopita barabara ya 70 kati ya Dotsero na Morrison lazima libebe cheni, hata kama jua linawaka na watu wamevaa kaptula. Faini ya kutozibeba ni dola 50. Alama zikiwaka kwamba cheni zifungwe na wewe hujafunga, ni dola 500 pamoja na tozo ya 79. Na ukikwama bila cheni ukaziba barabara, ni dola 1,000 na tozo ya 157. Hiyo ya mwisho siisomi kwenye karatasi. Niliilipa.

Ulikuwa msimu wangu wa pili. Saa nane usiku, natoka magharibi, napanda Vail Pass, mita 3,200 na ushee. Alama zilikuwa zinawaka. Nikafika kwenye kituo cha kufungia cheni, kile kitanuo cha pembeni chenye taa, nikapunguza mwendo ili niingie. Mbele yangu malori mawili yakapita bila kusimama. Nikayatazama taa zake nyekundu zikipanda, nikajiambia: kama wao wanapita, mimi nina nini? Nilikuwa nimechoka. Nje kulikuwa na upepo. Na ukweli mwingine, ambao usiku ule sikutaka kujiambia, ni kwamba sikuwahi kufungua mfuko wa cheni tangu nikabidhiwe lile lori. Sikujua zilivyofungwa. Nikaongeza mafuta, nikapita.

Nilienda kama maili tatu. Kwenye mwinuko mmoja nikasikia injini imepanda sauti ghafla na mwendo umeshuka. Matairi ya nyuma ya kichwa cha lori yanazunguka pale pale. Nikatoa mafuta, lori likasimama, halafu likaanza kurudi nyuma, taratibu sana, breki zote zimeshika. Jamani, breki zimeshika na lori linarudi. Tela likaanza kukunja kuelekea njia ya pili. Lilipogota kwenye rundo la theluji, nilikuwa nimeziba njia zote mbili, na chini yangu taa za magari zikawa zinaongezeka moja baada ya nyingine.

Askari wa barabara akaja, na nyuma yake lori la kusukuma theluji. Nikaamriwa nifunge cheni pale pale. Nikafungua mfuko: rundo limesokotana kama nyavu iliyokokotwa vibaya. Glovu zangu zilikuwa za kitambaa, zikalowa, zikaganda. Nikatandika cheni ya kwanza juu ya tairi, ncha za ndoano zimeelekea kwenye mpira. Dereva wa lile lori la theluji, mzee wa makamo, akashuka, akaishika cheni yangu, akaigeuza. Akanionyesha kwa kidole: ncha hizi zikitazama tairi, zinalichana. Vifungo vya kukazia vinakaa upande wa nje ambao unauona na kuufikia. Unaivisha tairi kutoka juu, unasogeza lori kidogo sana, unaunganisha ndoano ya ndani kwanza, maana ya nje utaifikia wakati wowote, halafu unakaza kwa ufunguo. Kisha unatembea nusu maili, unasimama, unakaza tena, kwa sababu cheni ikishazunguka inajilaza na kulegea. Cheni iliyolegea inapiga kama mjeledi, inakata mipira ya upepo wa breki, na upepo ukiisha springi za breki zinajifunga zenyewe, umekwama upya. Na ukishazivaa hutembei zaidi ya maili 30 kwa saa.

Alipiga magoti kwenye theluji na mimi mpaka tairi la nne. Sikumuuliza jina. Nimewaza habari zake mara nyingi, hasa nilipopita kusini, barabara ya 550, mahali panapoitwa Red Mountain Pass. Pale pembeni mwa barabara kuna mnara wa kumbukumbu wa madereva wa malori ya theluji. Watatu walifukiwa na maporomoko ya theluji wakiwa kazini kwenye barabara ile, mmoja mwaka 1970, mwingine 1978, mwingine 1992. Walikuwa wanasafisha njia ili mimi na wewe tupite. Basi ukilikuta lori la theluji mbele yako linakwenda maili 25 kwa saa, kaa nyuma yake. Hakuna lami nzuri usiku ule kuliko ile iliyo nyuma yake, na mbele yake ndiko kubaya zaidi. Nawaombeni sana, msilipite. Na wakifunga barabara ili wayaangushe maporomoko kwa milipuko, wakayamaliza kabla hayajakuangukia wewe, subirini kwa moyo mweupe.

Turudi kwenye kituo kile cha cheni. Kosa langu lilifanyika wapi? Si kwenye mwinuko. Pale juu sikukosea chochote, nilitoa mafuta vizuri, nilishika breki vizuri. Nilikosea kwenye kituo, nilipotazama taa za watu wengine badala ya alama. Ukienda nyuma zaidi, nilikosea miezi kabla ya hapo, mwezi wa tisa, kwenye uwanja mkavu, nilipoutupa mfuko kwenye boksi la pembeni bila kuufungua.

Kushuka. Mnaijua kanuni ya wazee wa Kitonga: shuka na gia uliyopandia, na uiingize kabla hujaanza kushuka. Malori ya siku hizi hapa mengi hayana klachi ya mguu, yanabadilisha gia yenyewe, na mashine haijui mlima unaokuja. Itoe kwenye kujiendesha, shikilia gia ya chini wewe mwenyewe. Breki ya miguu unaikanyaga kwa nguvu ya kutosha mpaka mwendo ushuke maili 5 chini ya ule uliouchagua, unaiachia ipoe, mwendo ukirudi unakanyaga tena. Ukiikalia mfululizo, dramu inapata moto, chuma kinatanuka kinakimbia viatu vya breki, unakanyaga mpaka chini na hupati kitu. Moshi na harufu ile mnaijua.

Ila kuna moja la hapa. Breki ya injini, ile inayonguruma, kwenye lami kavu ni rafiki yako wa kweli. Kwenye barafu izime. Inashika matairi ya nyuma ya kichwa peke yake. Yakiteleza, tela lililojaa mzigo halitelezi nayo, linaendelea kusukuma, linakuja ubavuni, na ghafla unaona namba za tela lako mwenyewe kwenye dirisha la mlango wako. Kama barabara inateleza kiasi kwamba huwezi kushuka bila breki hiyo, maana yake hukupaswa kushuka.

Ukirudi Denver kutoka handakini, barabara inashuka, inalegea, inapanda kidogo, inashuka tena. Inakudanganya kwamba milima imekwisha. Karibu na Genesee unaiona Denver yote chini, taa za mji na tambarare nyuma yake, na mguu unataka kulegea. Hapo wameweka mabango ya manjano kwa ajili yetu. Moja linasema, kwa Kiswahili chetu: madereva wa malori msidanganyike, bado maili 4 za mteremko mkali na kona kali. Mbele tena lipo linalosema bado hujafika chini. Sijaona mabango yanayosema na dereva kwa upole namna hiyo mahali pengine. Na kuyasoma si hiari. Tangu Juni 2025, dereva wa lori asiyeweza kusoma alama na kumjibu askari kwa Kiingereza anasimamishwa pale pale barabarani. Mwenye shida na Kiingereza asione haya. Dada zetu wa hapa wanafundisha alama za barabarani.

Mabango hayo ni ya zamani kuliko ajali nitakayoitaja, lakini ajali hiyo inaonyesha kwa nini yapo. Tarehe 25 Aprili 2019, barabara kavu kabisa, kijana wa miaka 23, mhamiaji kutoka Cuba, alishuka hapo na lori la mbao, breki zimekufa. Alipita njia ya kuokolea, ile ya pembeni ya kusimamishia lori lililokosa breki, bila kuingia. Chini, Lakewood, kulikuwa na foleni. Aliingia kwenye magari, moto ukawaka, watu 4 wakafa. Desemba 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka 110. Mamilioni ya watu walitia sahihi kuomba ahurumiwe, na tarehe 30 mwezi huohuo Gavana Jared Polis akaipunguza hukumu ikawa miaka 10. Simtaji ili tumnyooshee kidole, na siwasahau wale wanne na watu wao. Namtaja kwa sababu ninapomfikiria, nawaona ninyi: leseni mpya, mzigo wa kampuni ya mbali, mlima usioujua, na aibu ya kufikiri kwamba ukiingia njia ya kuokolea umefeli.

Zitazameni njia hizo kila mnapopita, hata siku lori liko salama. Ukitoka handakini kushuka Silverthorne, kama maili 8 za mteremko, zipo mbili. Ni kipande cha barabara kinachopanda pembeni, kimejaa kokoto zilizolegea. Lori likiingia, kokoto zinalimeza mpaka ekseli, linasimama. Litaharibika, utalipa kuvutwa, bosi atapiga kelele. Ingia. Amua leo, ukiwa umekaa kwenye kiti hicho, kwamba breki zikikataa utaingia ya kwanza utakayoiona. Ukisubiri kuamua kule, utajiambia labda zitarudi.

Sasa niongee na ofisi, na niongee na nyumbani.

Dispacha, yule anayekupangia mizigo, anakaa mahali penye joto, pengine jimbo ambalo halijawahi kuona theluji. Anakupigia: mbona umesimama? Wenzako wamepita. Mteja anasubiri. Yeye si mtu mbaya, naye ana anayempigia. Lakini sheria iko upande wako, na naomba mwishike hii namba: kanuni ya shirikisho ya 392.14. Inasema theluji, barafu, ukungu na mfano wake vikipunguza kuona au kushika kwa tairi, dereva apunguze mwendo, na hali ikiwa ya hatari ya kutosha, aache kuendesha mpaka itakapokuwa salama. Uamuzi ni wa aliyeshika usukani. Akikulazimisha kuvunja kanuni kwa kukutishia kazi, hiyo ni kosa, na una siku 90 za kupeleka malalamiko kwa mamlaka ya shirikisho inayosimamia malori, FMCSA. Akikufukuza kwa sababu ulikataa kuendesha katika hatari, ipo sheria ya mwaka 1982 inayokulinda, na una siku 180 za kulalamika OSHA, mamlaka ya shirikisho ya usalama kazini. Ushahidi ndio unaowaangusha wengi. Simu haina ushahidi. Mwambie kwa adabu: bosi, niandikie ujumbe kwamba unaniagiza nipande. Mara nyingi hataandika, na mazungumzo yanaishia hapo.

Kitu kingine mtakachoambiwa: una saa 2 za ziada kwa hali mbaya ya hewa. Ni kweli, kanuni inaruhusu mpaka saa 2 juu ya zile 11 za kuendesha. Lakini ni kwa dhoruba iliyokukuta njiani bila kutarajia. Dhoruba uliyoiona asubuhi kwenye programu ya COtrip si ya kushtukiza.

Mama zangu na dada zangu, na ninyi mabwana ambao wake zenu ndio madereva, maana nawaona wanne hapa. Tunalipwa kwa maili. Lori likisimama siku mbili Rawlins au Dotsero, hela haiingii. Kodi ya nyumba haijui theluji. Ada ya mtoto kule Kigoma au Uvira haijui theluji. Sitawaambia kwamba haiumi. Nilisimama siku mbili na nusu mwaka mmoja, Wyoming, barabara ya 80 imefungwa kwa upepo na theluji, na mdogo wangu nyumbani alikuwa anasubiri hela ya hospitali ya mama. Kila baada ya saa moja simu. Sikumwambia nimesimama. Nilimwambia nipo njiani. Na nilipofunguliwa nilikimbia kuliko ilivyofaa, kwa sababu ya uongo wangu mwenyewe.

Basi tufanye hivi. Dereva, ukisimama, mwambie mwenzio nyumbani kwamba umesimama na kwa nini. Na wewe uliye nyumbani, usimuulize anaondoka lini. Muulize amekula nini. Wekeni akiba ya siku tatu za theluji kwa msimu, kama mnavyoweka ya matairi. Na kikundi chetu cha kufa na kuzikana tumekubaliana wiki iliyopita kutenga fungu la kumkopesha aliyesimama. Nimefurahi sana kwa hilo. Ningependa lipewe jina lingine, lakini hilo ni la kikao.

Vya kubeba, kwa haraka. Maji, chakula kisichohitaji kupikwa, blanketi nzito, tochi ya kichwani, glovu za mpira zilizo na manyoya ndani na jozi ya pili kavu, koti la kung'aa, kwa sababu wapo waliogongwa wakiwa wamepiga magoti kwenye cheni. Tanki lisishuke chini ya nusu. Dizeli kwenye baridi kali inatoa nta, inaziba chujio, injini inazima. Dawa yake inatiwa kabla baridi haijafika, ikishaganda umechelewa. Mwageni maji kwenye matenki ya upepo kila siku, yakiganda ndani ya valvu huna breki. Na ukikwama ukalala injini inawaka, shuka utazame ekzosi isifukiwe na theluji. Moshi ule hauna harufu ya kukuamsha.

Nimesema mengi, na chai inapoa. Huko nje, kwenye uwanja, nimeegesha lori langu, na cheni nne zimelala chini pembeni ya matairi, zimesokotana makusudi. Kila mwenye leseni atafunga mara mbili. Mara ya kwanza taa za uwanja zikiwaka, mimi na wenzangu tukiwa pembeni yenu. Mara ya pili tutazizima, na jamaa atakuwa anamwaga maji ya baridi kwenye glovu zenu. Hakuna kuharakishana, wake kwa waume. Glovu ziko kwenye boksi karibu na mlango, chukueni zinazowatosha. Tutaanza na mdogo wangu yule wa koti la bluu, aliyeniuliza mlangoni kama ni kweli mtu mmoja anaweza kutumia dakika 40. Njoo, ndugu yangu. Saa ninayo mimi.